Vina vya Kindu: Jicho, Sikio na Mizani

Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na watunzi wa mashairi wa Kindu



Ubaoni nimeandika maneno matano ya Kiingereza: bough, cough, dough, rough, tough. Kila neno lina herufi tano, na yote matano yanaishia kwa herufi nne zilezile. Kwa jicho ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Sasa yasikieni kama Mwingereza anavyoyatamka: bau, kof, dou, raf, taf. La kwanza ni tawi la mti, la pili kikohozi, la tatu unga uliokandwa, la nne kitu kinachokwaruza, la tano kitu kigumu. Katika yote hayo, mawili ya mwisho tu ndiyo yanayoitikiana.

Mwanafunzi akimuuliza mwalimu kanuni yake, mwalimu ataangalia dirishani. Kanuni haipo, historia ndiyo ipo. Zamani gh hiyo ilikuwa sauti ya kooni, jirani ya kh ya Waarabu. William Caxton alipoleta mtambo wa kuchapa vitabu Westminster, mwaka 1476, tahajia ilianza kuganda kwenye karatasi, na ndimi za watu zikaendelea na mwendo wao. Katika maneno mengine sauti ile ya kooni ilikufa kabisa, katika mengine ikageuka f. Karatasi haikuarifiwa. Ndiyo maana mtoto wa London leo anakariri maneno hayo moja moja, kama anavyokariri mtoto wa Kindu.

Msiwacheke Waingereza peke yao, maana Kifaransa tunachofundishia watoto wetu nacho kina mambo yake. Walimu wote hapa wanaijua sentensi ya kuku wa nyumba ya watawa wanaoatamia: les poules du couvent couvent. Maneno mawili ya mwisho yana herufi saba saba, hayapishani hata moja, lakini la kwanza linasomwa kuvan na la pili linasomwa kuv. Tena washairi wa Ufaransa, kwa muda wa karne kadhaa, walifuata sheria iliyotungwa kwa ajili ya jicho: neno linaloishia kwa e isiyotamkwa halikuruhusiwa kufungwa na neno lisilo na e hiyo. Mer, yaani bahari, na mère, yaani mama, sauti yake ni moja, lakini sheria iliyakataza yasikutane mwishoni mwa mistari. Na mer ikakubaliwa kukutana na aimer, yaani kupenda, kwa sababu herufi tatu za mwisho zinafanana machoni, ingawa katika usemi wa kawaida r ya mer inasikika na ya aimer haisikiki. Corneille mwenyewe alitunga hivyo, na hakuna aliyemfukuza jukwaani.

Nimeyaweka hayo mbele kwa sababu watoto wetu wanafika kwenye ushairi wa Kiswahili wakiwa na macho yaliyokwisha kufundishwa na lugha hizo mbili. Mwalimu akisema «tafuteni maneno yanayoishia sawa», wanatafuta herufi. Akisema «yawe na urefu sawa», wanahesabu herufi. Katika Kiswahili njia hiyo inakupoteza mara ya kwanza tu unapoijaribu, na mfano mzuri kuliko yote tunao katika ramani ya jimbo letu.

Maniema, tangu ilipokatwa kutoka Kivu na kuwa jimbo mwaka 1988, ina teritwari saba: Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia. Ongezeni Kindu, mji wetu. Chukueni kwanza Kasongo na Kibombo. Kila jina lina herufi saba. Kila moja linaishia kwa o. Hata kwa mizani yanalingana: Ka-so-ngo, tatu, Ki-bo-mbo, tatu. Mwanafunzi wa Kifaransa atasema kazi imekwisha. Malenga wa Kiswahili atasema haijaanza, kwa sababu kina ni silabi nzima ya mwisho, konsonanti pamoja na vokali yake. Kasongo inadai ngo: udongo, mgongo, mlango, uwongo. Kibombo inadai mbo: jambo, wimbo, tumbo, fimbo. Kasongo na Kibombo zimepakana ardhini. Kwenye ubeti hazipakani.

Sasa chukueni Kindu, Kailo, Pangi na Punia. Majina manne, herufi tano kila moja. Pigeni makofi kwa kila silabi. Ki-ndu, mawili. Pa-ngi, mawili. Ka-i-lo, matatu. Pu-ni-a, matatu. Urefu wa karatasini ni mmoja, urefu wa kinywani ni wa aina mbili. Anayehesabu herufi ataujaza mstari kupita kiasi bila kujua, halafu atashangaa kwa nini waimbaji wanakwama hapo hapo kila wakati.

Niseme kidogo juu ya ugumu wa vina vyenyewe, maana haviko sawa. Anayetunga juu ya Lubutu amepewa zawadi: mtu, kitu, kwetu, wetu, chatu, maneno ya tu hayana mwisho. Anayetunga juu ya Punia ana dunia, njia, na vitenzi vyote vya sikia na tulia. Lakini Kindu! Ndu ni kina cha watu wenye subira. Kuna mwekundu na jamaa zake wekundu na vyekundu, kuna ukindu wa kusukia mikeka, na baada ya hapo utakaa usiku kucha. Kwa Kabambare, neno la kwanza linalokuja ni bure, na sipendi kuwaudhi wenyeji wa huko.

Kwa nini Kiswahili kidai silabi nzima wakati Mwingereza na Mfaransa wanaridhika na vokali na kinachoifuata? Jibu liko katika umbo la lugha yenyewe. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa vokali, na vokali ni tano tu. Vitenzi vyetu vya asili karibu vyote, vikisimama katika hali ya kawaida, vinaishia kwa a. Kama a peke yake ingetosha kuwa kina, kila sentensi ya sokoni ingekuwa shairi. Kwa hiyo wazee waliongeza bei. Walidai konsonanti iingie, kisha wakadai kina cha kati na kina cha mwisho, na mizani minane kwa minane katika mstari wa shairi la tarbia. Katika utenzi walidai vipande vya mizani minane minane, vitatu vya kwanza vifungane vyenyewe, na cha nne kibebe kina kimoja kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama beti ni mia na zaidi.

Na waliyadai hayo kwa sikio. Hili nataka mlishike. Nakala za zamani za pwani, kama ule Utenzi wa Tambuka wa Pate unaobeba mwaka 1728, au Utendi wa Mwana Kupona wa 1858, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Katika mwandiko huo wa zamani alama moja ilibeba i na e, na alama nyingine moja ilibeba u na o. Msomaji aliyetegemea jicho peke yake asingejua kama neno linaishia kwa ndi au nde. Aliyeimba alijua. Kwa hiyo sheria ya vina ilikua miongoni mwa watu ambao karatasi yao haikuweza kuwasaidia hata kama wangetaka.

Aliyeziandika sheria hizo kwa herufi tunazotumia leo alikuwa Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka mwaka 1954. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akaja kuwa meya wa Dar es Salaam, kisha waziri. Nawaomba msilipite jina la Ujiji haraka. Ujiji ni mdomo wa ile njia ya misafara iliyotoka Kasongo na Nyangwe, ikavuka ziwa Tanganyika, ikaenda hadi pwani. Mji ule ulijaa watu walioitwa Wamanyema, kama ulivyo msikiti wa Manyema kule Kariakoo unaolibeba jina letu mpaka leo. Njia hiyo ilibeba pembe na ilibeba watumwa, na Kiswahili chetu kilikuja katika msafara huohuo. Mtu wa Kindu anapofungua kitabu cha Amri hasomi kitabu cha wageni.

Hata hivyo, kitabu kile kina sikio lake, na sikio lake si letu kila mahali.

Tuanze na habari njema. Wengi wetu tunasema mutoto, mutu, inchi, imbwa. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu anakata yote hayo. Kwa upande wa sarufi ya shule yuko katika kazi yake, simwingilii. Kwa upande wa mizani lakini, hakuna kilichoharibika. Mtoto wa pwani ni m-to-to, mizani mitatu, kwa kuwa ile m ya mwanzo inahesabiwa peke yake. Mutoto wetu ni mu-to-to, mitatu vilevile. Mtu ni miwili, mutu ni miwili. Nchi ni n-chi, inchi ni i-nchi. Tumeongeza vokali mahali ambapo pwani inavuma puani, na hesabu imebaki ileile. Mstari uliopimwa Mombasa ukisomwa na mtu wa Alunguli haupungui wala hauzidi.

Kwenye vina ndipo tunapoachana. Nimetunga ubeti mmoja kwa ajili ya leo, na si mkubwa:

Reli imelala chini, yaota kutu kwa mvula,
Mtumbwi uko mtoni, wenye nao wana njala,
Wanatazama angani, Mungu awape chakula,
Kasuku hata sokoni, mchana watu walala.

Hesabuni, mtapata minane kwa minane. Kina cha kati ni ni, na nakiri nimekipata kwa bei rahisi, maana tatu kati ya hizo nne ni ni ya mahali, ambayo inajibandika kwenye jina lolote. Kina cha mwisho ni la: mvula, njala, chakula, walala. Kwa sikio la Kindu ubeti umefungwa.

Sasa upelekeni Zanzibar, mhariri mwema ausafishe. Atafuta mvula, ataandika mvua. Atafuta njala, ataandika njaa. Mizani haitatikisika, kwa sababu mvu-a ni miwili kama mvu-la, na nja-a ni miwili kama nja-la. Lakini kina kimekufa. Mistari miwili inaishia kwa la, mingine miwili haina la tena, na msomaji wa pwani atasema huyu mtunzi wa Kongo hajui vina.

Nani amekosa? Lingala inasema mbula na nzala. Kikongo kinasema mvula na nzala. Ile l ni ya kale, iko katika lugha nyingi za Kibantu kutoka Atlantiki mpaka kwetu. Kiswahili cha pwani ndicho kilichoiangusha njiani, na sisi tumebaki nayo, au tumeirudisha kutoka lugha za nyumbani. Sioni aibu katika mvula. Mtu akitaka kulisahihisha katika barua ya serikali, alisahihishe. Katika shairi, neno limeshika nguzo, na ukiling'oa paa linashuka.

Kuna upande wa pili pia, ambako sisi ndio tunaopata faida. Pwani inatenganisha z na dh, s na th. Kwao kazi inakwenda na mwizi, na kadhi inakwenda na radhi, na kuzichanganya ni kosa la mtoto mdogo. Katika vinywa vingi vya hapa zote nne zinaishia kwa zi. Hadithi, ikitamkwa hadisi, inakaa vizuri na basi. Kwa hiyo sikio letu linaruhusu ndoa ambazo Mombasa inazikataza. Mtunzi wa Kindu anayetaka kusomwa huko lazima ajue mpaka huu uko wapi. Asiujue kwa kuogopa, aujue kama mfanyabiashara anavyojua ushuru wa forodha, kisha aamue mwenyewe kama mzigo unastahili kuvushwa.

Mtaniuliza jinsi Kiswahili cha Unguja kilivyokuwa kipimo cha wote. Kilichaguliwa. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, ikiziunganisha Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, nchi zote zikiwa chini ya Uingereza, na Kiunguja kikawa msingi. Kongo ilikuwa ya Wabelgiji, haikuwa na kiti katika meza hiyo. Siyo kwamba Kiswahili cha huku hakikujulikana. Miaka miwili kabla, mwaka 1928, wamisionari John na L. F. Whitehead walikuwa wamekwisha kuchapa kitabu chao cha Kingwana huko Wayika, kwenye mto huuhuu wa kwetu, chini zaidi. Waliandika kwa Kifaransa, na katika kichwa cha kitabu wakakiita lahaja ya magharibi ya Kiswahili. Lahaja, yaani tawi lenye haki ya kuitwa tawi. Wengine baadaye walikiita Kiswahili kibovu, na jina hilo ndilo lililoshika.

Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Élisabethville kwa Kiswahili cha Katanga, kwa tahajia aliyojipangia mwenyewe, kama alivyosikia. Johannes Fabian alikuja kuichapisha mwaka 1990 na maelezo marefu. Yav hakuandika mashairi, na sitaki kumvika kofia isiyo yake. Namtaja kwa sababu alikaa na karatasi bila kumsubiri mtu wa Unguja amruhusu, na kwa sababu kazi yake ikisomwa kwa sauti inaeleweka mara moja, ikisomwa kwa jicho peke yake inasumbua. Huo ndio mtihani wa maandishi yaliyotoka sikioni.

Najua kuna vijana hapa wanaoninong'onezea kwamba vina vyenyewe vimepitwa na wakati. Hoja hiyo ina miaka mingi. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi, mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani ya kawaida, wakubwa wa ushairi Tanzania walitoka na fimbo, na ugomvi ulidumu miaka. Mimi sina ugomvi na Kezilahabi. Alijua kufunga kabla ya kufungua. Ninachokiona hapa kwetu ni kijana anayefungua kitu ambacho hakijawahi kufungwa mkononi mwake, halafu anapokwenda kurap anarudi kwenye vina vilevile, tena vya bei ya chini kabisa: wa, wa, wa, wa. Amepewa, ametolewa, amekimbiwa, amesahauliwa. Hivyo si vina, ni sarufi inayojirudia. Mwingereza ana ing yake, Mfaransa ana tion yake, nasi tuna wa na ana na isha. Kina kinachopatikana kwa kubandika mkia uleule kwenye kila kitenzi hakimgharimu mtunzi kitu, na msikilizaji hakimshtui.

Dawa yake ilipatikana London mwaka 1775. Mwigizaji mmoja aliyeacha jukwaa, John Walker, alichapa kamusi ya Kiingereza iliyopangwa kinyumenyume: badala ya kupanga maneno kwa herufi ya kwanza, aliyapanga kwa herufi za mwisho. Washairi wa Kiingereza wameitumia kwa vizazi vingi. Lakini ndani yake bough na rough zinakaa karibu karibu, kwa sababu Walker alilazimika kufuata tahajia ya lugha yake. Sisi tukitengeneza kitabu kama hicho hatutakuwa na shida hiyo. Tahajia yetu inafuata sauti, na neno litakaa pale linaposikika. Shida yetu itakuwa moja tu: kukubali kuandika tunavyosikia Kindu, na si tunavyodhani tungepaswa kusikia.

Basi walimu wa Kindu, wa Kasuku, wa Mikelenge na wa Alunguli, ombi langu ni hili. Kila darasa lianze daftari moja. Ukurasa mmoja kwa kila kina, kwa silabi na si kwa herufi: la, ngo, mbo, ndu, re. Watoto waulize nyumbani, kwa bibi, sokoni, kwa wavuvi, kituoni kwenye reli. Neno liandikwe kama lilivyosemwa, na pembeni liandikwe kama lilivyo katika kamusi ya Unguja, ili mtunzi aone mara moja kinachobaki na kinachoanguka akivuka ziwa. Mkianza na la mtajaza kurasa kwa wiki chache. Ndu itachukua muda, na atakayepata hata maneno kumi ya ndu aniletee daftari lake, nataka kulinakili.